Bolti za injini zinapokatika kila mara, tatizo mara nyingi si bolti

NI jambo la kawaida katika gereji nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Gerezani hadi Ilala, kukuta gari ambalo injini yake ya awali imeondolewa na mahali pake kufungwa injini nyingine kubwa zaidi, iliyokwishatumika, kutoka Japani.

Wenye magari hufanya hivyo kwa sababu mbalimbali. Wapo wanaotafuta nguvu na mwendo, wapo ambao injini ya awali imekufa na spea zake ni adimu, na wapo wanaotaka kuachana na petroli na kuhamia kwenye dizeli.

Kazi hiyo huweza kwenda vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja dereva anasikia mlio wa kugonga chini ya boneti wakati anaondoka kwenye taa za barabarani, na anapofika gereji anaambiwa kuwa bolti moja ya kubebea injini imekatika. Fundi anaweka nyingine. Baada ya mwezi mmoja inakatika tena, mahali palepale.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba bolti ilikuwa feki au laini. Hivyo hununuliwa nyingine ngumu zaidi, yenye namba kubwa kichwani, ambayo nayo hukatika baada ya muda, au hubaki nzima lakini ikang'oa nyuzi za tundu lililoko kwenye bloku ya injini.

Bolti za bandia zipo sokoni na hilo si la kubishaniwa. Hata hivyo, bolti inayokatika mara ya pili na ya tatu mahali palepale ni nadra kuwa ndiyo mkosaji. Katika gari lililofanyiwa mabadiliko, mara nyingi inakuwa inatoa taarifa ya jambo jingine: kuna vipande viwili vya chuma vilivyopaswa kutulia ambavyo vinacheza.

Ili kulielewa hilo, ni lazima kwanza kufahamu kazi ya bolti. Wengi hudhani kuwa bolti hufanya kazi kama msumari, kwamba inavizuia vipande viwili visiteleze kwa kuwa imesimama katikati yake. Kihandisi si hivyo. Bolti ni springi. Inapokazwa hurefuka kidogo, na katika kutaka kurudi kwenye urefu wake huvibana vipande hivyo kwa nguvu kubwa. Msuguano unaotokana na kubanwa huko ndio unaovizuia visisogee.

Nguvu hiyo si ndogo. Bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8, ikikazwa kwa takribani nyutoni mita 50, huvibana vipande viwili kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili na nusu hivi. Alimradi mkazo huo upo, mtikisiko wa injini hupita kwenye vipande vilivyobanwa, na bolti yenyewe huonja sehemu ndogo tu ya mtikisiko huo.

Mkazo ukipotea, mambo hugeuka. Vipande huanza kusuguana, na bolti iliyokuwa springi sasa inakuwa msumari, ikipindwa huku na huku kila injini inapotikisika.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni udogo wa akiba iliyopo. Ikiwa bolti hiyo ya milimita 10 inabana vipande vyenye unene wa jumla wa milimita 50, basi inapokazwa sawasawa hurefuka kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Vipande vikiwa vyembamba zaidi, tuseme milimita 10 tu, bolti hurefuka kwa sehemu mbili za mia za milimita.

Sasa rejea kwenye gari lililobadilishiwa injini. Braketi mpya imechongwa kwa bamba la chuma, ikachomelewa, ikapakwa rangi nzuri nyeusi ili ipendeze, kisha ikafungwa. Tabaka la rangi lililobaki chini ya kichwa cha bolti na katikati ya vipande huweza kuwa na unene uleule wa karatasi. Injini inapopata moto rangi hiyo hulainika, hukandamizwa na kutoka pembeni, na mkazo wa bolti huondoka nayo. Hakuna aliyelegeza nati, na bado bolti imelegea.

Kutu, magamba yanayoachwa na moto wa kuchomelea, na washa nyembamba za chuma laini zilizopangwa tatu au nne ili kuziba pengo hufanya kazi hiyohiyo. Kila uso unaogusana na mwingine hukaa kidogo baada ya siku chache za kazi, kwa hiyo washa nne hupoteza mkazo zaidi ya kipande kimoja kigumu chenye unene sawa na wa hizo nne. Mfungaji makini huondoa rangi mahali pote panapogusana, na pengo hulijaza kwa bomba nene la chuma lililokerezwa kwa kipimo.

Bomba hilo lina faida nyingine. Linairefusha bolti, na bolti ndefu hurefuka zaidi inapokazwa, hivyo ina akiba kubwa ya kupoteza kabla haijalegea. Ndiyo maana wahandisi hupenda sehemu inayobanwa iwe na urefu wa mara nne au tano ya unene wa bolti, kanuni ambayo husahauliwa kila braketi inapotengenezwa kwa bamba la milimita 5.

Chuma kinachopindwa mara nyingi hukatika kwa nguvu ndogo kuliko ile inayohitajika kukivunja mara moja. Somo hilo lilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris, nchini Ufaransa, ilipata ajali mbaya baada ya ekseli ya kichwa cha treni kukatika. Miaka kadhaa baadaye mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alifanya majaribio ya muda mrefu kuhusu ekseli na kuonyesha kuwa jambo la kuangalia si ukubwa wa mzigo peke yake, bali pia idadi ya mara mzigo huo unavyokuja na kuondoka.

Kwenye injini idadi hiyo hukua haraka mno. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja hutikisika juu na chini mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 360,000 kwa saa. Safari ya saa tatu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro huzidisha milioni moja. Bolti iliyokazwa vizuri haijali, lakini ile iliyolegea inahesabu.

Kwa sababu hiyo, kipande kilichokatika ni ushahidi na hakipaswi kutupwa. Uso wake ukisafishwa taratibu kwa petroli na kutazamwa kwenye mwanga wa jua, husimulia yaliyotokea.

Bolti iliyokufa kwa uchovu wa chuma huwa na sehemu laini yenye mistari iliyopinda mithili ya alama za maji kupwa ufukweni, ikianzia pembeni, na sehemu nyingine yenye chembechembe mbaya ambako ilimalizikia kukatika. Sehemu laini ikiwa kubwa na ile mbaya ikiwa ndogo, maana yake ni kwamba mzigo haukuwa mkubwa, bali bolti iliteseka kwa muda mrefu. Ikiwa imevutwa hadi ikawa nyembamba kiunoni, basi ilikazwa kupita kiasi. Na ikiwa imekatika kwa kujisokota, uso wake ukionyesha mzunguko, huenda fundi aliimaliza nguvu akiwa bado anaifunga.

Mahali ilipokatikia pia pana maana. Nyuzi ya kwanza inayoingia kwenye nati hubeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, hivyo kukatika hapo ni dalili ya kawaida ya uchovu. Kukatika chini kabisa ya kichwa mara nyingi huonyesha kuwa kichwa hakikukaa sawasawa, kwa mfano pale braketi ilipojipinda wakati wa kuchomelewa na kichwa kikaegemea upande mmoja.

Kujipinda huko ni ugonjwa mkubwa wa magari yaliyobadilishwa. Injini inapopachikwa kwenye nafasi ambayo haikutengenezewa, matundu hukosa kulingana kwa milimita mbili tatu. Kinachofanyika mara nyingi ni kuisukuma injini kwa mtaimbo mpaka bolti iingie. Inaingia kweli, lakini imeshapindika kabla hata swichi haijawashwa. Wengine hutanua matundu kwa keekee, na hapo bolti hubaki ikielea katikati ya tundu kubwa, ikitegemea msuguano peke yake.

Lipo pia suala la nguvu yenyewe. Injini yenye uwezo wa kuzungusha wa nyutoni mita 300, katika gari la kusukuma kwa nyuma lenye gia ya kwanza ya uwiano wa 3.5, hutoa nyutoni mita 1,050 kwenye propela shafti. Msukumo wa kurudi wa nguvu hiyo hupokewa na mauntingi, yaani mipira inayobeba injini na gia boksi. Mauntingi mbili za injini zikiwa umbali wa sentimita 60, na zikiachiwa mzigo huo zenyewe, moja huinuliwa na nyingine kukandamizwa kwa nguvu ya karibu kilo 180, mbali na uzito wa injini. Dereva akiachia klachi ghafla, nguvu hiyo huongezeka kwa kishindo.

Injini ya awali ya gari hilohilo huenda ilikuwa na uwezo wa nyutoni mita 140, chini ya nusu. Ukifunga injini kubwa kwa mauntingi na bolti za injini ndogo, hesabu haiwezi kukubali.

Baadhi ya wapenda mwendo hulijibu tatizo hilo kwa kuondoa mipira na kuweka vyuma vitupu au plastiki ngumu. Injini haichezi tena, ni kweli, lakini mtikisiko wote uliokuwa ukimezwa na mpira sasa unapelekwa kwenye bolti na kwenye mahali braketi ilipochomelewa kwenye chasisi. Kwa gari la mashindano linalofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, hilo linavumilika. Kwa gari la kwenda kazini Mbagala na kurudi, ni kujitafutia gharama.

Eneo jingine linalokatisha bolti bila watu kujua sababu ni pale injini inapoungana na gia boksi. Kiwandani huwekwa pini mbili fupi za chuma zinazoelekeza vipande hivyo vikae sawasawa kwenye mstari mmoja. Kazi ya pini ni kuzuia kuteleza, kazi ya bolti ni kubana. Injini na gia boksi zinapotoka kwenye magari tofauti na kuunganishwa kwa bamba la kati, pini hizo huachwa, ama kwa sababu zilipotea wakati wa kufungua au kwa sababu matundu yake hayalingani. Bolti hulazimika kufanya kazi zote mbili na hukatika moja baada ya nyingine, huku beringi ya mbele ya gia boksi ikiliwa polepole.

Kwa magari yaliyoongezewa tabo, adui ni joto. Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni Toyota Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo kiwanda kiliitengeneza bila tabo na ambayo wamiliki wengi wameiongezea. Manifoldi ya ekzosi yenye urefu wa nusu mita ikipanda joto kwa nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka kwa takribani milimita tatu, wakati silinda hedi iliyo nyuma yake, ikiwa inapozwa na maji, hairefuki kwa kiasi hicho. Bolti za mwisho, za mbele na za nyuma, ndizo zinazovutwa pembeni kila injini inapopata moto na kupoa, na ndizo zinazotangulia kukatika.

Juu ya hilo tabo yenyewe huwa ni kilo kadhaa za chuma zilizoning'inia kwenye manifoldi. Katika barabara ya makorongo uzito huo hugeuka nyundo. Dawa yake si bolti ngumu, bali kuiwekea tabo mhimili wake kutoka kwenye bloku, kuacha matundu ya pembeni ya manifoldi yawe mapana kidogo ili iweze kuteleza inaporefuka, na kukiweka kipande cha bomba la ekzosi chenye kunyumbulika ili mtikisiko wa bomba zima usiishie kwenye tabo.

Puli ya mbele nayo ina kisa chake. Katika injini nyingi puli hiyo ina mpira ndani yake unaomeza mtetemo wa kujisokota wa krankishafti. Anayeiondoa na kuweka nyepesi ya alumini isiyo na mpira huweza kujikuta bolti za puli au za flaiwili zinalegea na kukatika.

Turudi kwenye namba za kichwani. Katika 8.8, tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hueleza nguvu ya kuvuta inayoikata bolti, yaani nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili hueleza kuwa inaanza kurefuka moja kwa moja ikifikia asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti ya 10.9 hukatika kwa takribani 1,000, na ya 12.9 kwa 1,200. Bolti za madaraja hayo hutakiwa kuwa na namba pamoja na alama ya mtengenezaji, na isiyo na alama yoyote haifai kubeba injini hata kama bei yake inavutia.

Lakini bolti ya 12.9 ikikazwa kwa nguvu ya 8.8 haina msaada wowote wa maana, kwa kuwa kinachovishikilia vipande ni mkazo na si ugumu wa chuma. Uwezo wake wa kustahimili uchovu hauongezeki kwa kadiri ya namba. Aidha, bolti ngumu sana zilizopakwa zinki kwa umeme bila kuokwa ipasavyo huweza kuingiwa na haidrojeni zikawa dhaifu kama kioo, na kukatika ghafla saa au siku kadhaa baada ya kukazwa, gari likiwa limeegeshwa.

Kukaza kwa hisia za mkono ni tatizo lingine. Hata kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni takribani sehemu moja ya kumi tu ya jitihada inayogeuka kuwa mkazo. Iliyobaki huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye nyuzi. Ndiyo maana bolti iliyopakwa oili, ikikazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya bolti kavu, huweza kuvutwa kupita uwezo wake, na yenye kutu ikaonyesha kipimo sahihi huku haijabana kitu.

Washa za springi, ambazo hazikosekani katika gereji zetu, zimepewa sifa zisizostahili. Mhandisi Gerhard Junker wa Ujerumani alionyesha mwaka 1969 kuwa bolti hujifungua hasa pale vipande vinapoteleza pembeni. Majaribio kwa mashine iliyobeba jina lake yameonyesha kuwa washa hizo hazizuii jambo hilo. Gundi ya kufungia nyuzi husaidia nati isizunguke, ila haiwezi kurudisha mkazo uliopotea kwa sababu ya rangi, na kwenye ekzosi huungua.

Kuna bolti, hasa za silinda hedi katika injini nyingi za kisasa, ambazo hukazwa kwa makusudi hadi zianze kurefuka moja kwa moja. Hizo ni za kutumika mara moja. Anayefungua hedi ya injini ya mtumba na kuzirudisha zilezile anaanza safari akiwa amekwishatumia sehemu ya uhai wake.

Kuiondoa sehemu iliyobaki ndani ya tundu kunahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Mafundi wazoefu huchomelea nati juu ya kisiki, huacha joto liilegeze kutu, kisha huizungusha taratibu wakienda mbele na nyuma. Anayekimbilia keekee na kutoboa nje ya kitovu huharibu nyuzi za bloku, na hapo kazi ya dakika ishirini huhamia kwa mkereza vyuma.

Hatari ya kupuuza haiishii mfukoni. Injini iliyopoteza bolti moja huinama, na karibu yake zimepita nyaya za umeme, mipira ya mafuta na ya breki na, katika magari mengi, fimbo ya usukani. Ikumbukwe pia kuwa kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hubeba namba ya injini, hivyo aliyebadili injini bila kubadili kadi anaweza kukuta mjadala na kampuni ya bima unaanzia hapo, kabla haujafika kwenye bolti.

Baada ya kufunga upya, njia rahisi ya kufuatilia ni kuchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya kichwa cha bolti na kuendelea kwenye braketi. Mstari ukiachana, bolti imezunguka. Mstari ukibaki mzima lakini pembeni pakaonekana unga mwekundu kama kutu laini, vipande vinasuguana na mkazo umekwisha. Ukaguzi wa kwanza unafaa kufanywa baada ya safari chache, injini ikiwa imepoa. Na iwapo bolti moja kati ya nne imekatika, zote nne hubadilishwa, kwani zile tatu zilizobaki zilikuwa zikibeba mzigo wa mwenzao tangu siku alipolegea.